Kuandaa monsta traki ya rimoti kwa ardhi ya Mwanza: mwongozo kamili wa kuiboresha na kuijaribu

Ardhi ya Mwanza haibembelezi gari la rimoti. Kuna majabali ya graniti yanayokwaruza chasisi, kuna changarawe ngumu iliyomeguka kutoka kwenye majabali hayo hayo, na ukishuka ufukweni kuna vipande vya nyavu ambavyo huvioni mpaka vimeshajisokota kwenye ekseli. Gari linalotoka kwenye boksi halijaandaliwa kwa mambo hayo matatu, hata liwe zuri namna gani.

Ndiyo maana ninashikilia mpangilio mmoja wa kazi. Kwanza lijue gari lako, pili likinge, tatu tuliza miguu yake, na nguvu iwe ya mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume. Gari likifika tu, mawazo yote yako kwenye mota kubwa na betri ya 3S (ya seli tatu; 2S ni ya seli mbili), na baada ya muda mfupi gia za difu, zile zinazogawa nguvu kati ya tairi mbili, zimesagika. Ukiongeza nguvu kwenye gari ambalo bado linaingiza mchanga na kupinduka kila kona, umeongeza kasi ya kuliharibu tu.

Gari gani, na vifaa gani

Magari haya hupimwa kwa uwiano na gari halisi. Ya 1/16 na 1/14 ni nafuu, lakini jiwe la kawaida la Kirumba au Mabatini kwao ni mlima. Ya 1/8 yana ubavu, ila betri na vipuri vyake vinaumiza mfuko. Kwa huku kwetu napendekeza 1/10, yale yenye tairi za kipenyo cha milimita 120 hadi 140 hivi, kama Traxxas Stampede 4X4 au Arrma Granite 4X4. Chagua gari ambalo kila kipande chake kinauzwa kando. Kipuri kikivunjika utakisubiri kutoka nje, kwa hiyo ni busara kuagiza pamoja na gari mikono ya saspensheni ya mbele, gia kubwa moja ya ziada na jozi ya ekseli. Hivyo ndivyo vinavyotangulia kufa.

Vifaa si vingi: bisibisi za pembe sita za milimita 1.5, 2 na 2.5 zenye chuma kigumu, spana ya nati za tairi, multimita, kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga, supaglu, gundi ya kufungia nati ya rangi ya bluu, mafuta ya silikoni na daftari. Usibanie hela kwenye bisibisi. Bisibisi laini hula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa inakula siku nzima kuitoa.

Hatua ya 1: Jaribu gari kama lilivyo

Kabla hujalegeza hata nati moja, pima. Bila vipimo vya mwanzo hutajua kama ulichobadilisha kimesaidia au kimeharibu. Fanya hivi asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma na jua halijawa kali, na majaribio yote yatakayofuata uyafanye saa zilezile. Mota inayopimwa saa moja asubuhi na mota inayopimwa saa nane mchana haziwezi kulinganishwa.

Washa rimoti kwanza, kisha gari. Kuzima ni kinyume chake: gari kwanza, rimoti baadaye. Weka gari juu ya tofali ili tairi zielee, bonyeza triga kidogo, kisha zima rimoti makusudi. Tairi zinapaswa kusimama zenyewe. Zikiendelea kuzunguka, soma kitabu cha maelekezo uone namna ya kuweka kinga ya kupotea kwa mawimbi kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi kilicho ndani ya gari), na usiende uwanjani kabla hujamaliza hilo. Jaribio hili moja ndilo linalokuepusha na gari kukimbilia barabarani au kwenye miguu ya watu.

Likiwa bado juu ya tofali, mwachie rafiki yako gari, na wewe nenda mbali nalo ukiwa na rimoti huku ukigeuza usukani. Akikuambia tairi zimeanza kusitasita, hapo ndipo mwisho wa mawimbi yako. Uwanjani baki ndani ya nusu ya umbali huo.

Kisha pima mwendo. Huhitaji kufunga simu juu ya gari. Pima mita 30 chini, weka alama mbili, liache gari lichanganye kabla ya alama ya kwanza, na mtu mwingine ashike saa. Mita 30 kwa sekunde 3 ni mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Rudia mara kadhaa uchukue wastani.

Mwisho, liendeshe dakika 5 mfululizo, lisimamishe, na upime joto la mota, la spidi kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) na la betri papo hapo. Ganda la mota likiwa chini ya nyuzi 80 za Selsiasi uko salama. Likikaribia 90 simama, maana sumaku za ndani huanza kupoteza nguvu zikichemka mno, na nguvu hiyo hairudi. Betri isizidi 60, na mimi huanza kuwa na wasiwasi ikipita 50. Andika kila namba, pamoja na joto la hewa la siku hiyo.

Hatua ya 2: Fungua na ufunge upya

Gari jipya halimaanishi gari lililofungwa vizuri. Pitia kila skrubu. Pale chuma kinapoingia kwenye chuma, kama skrubu za mota, skrubu ndogo inayobana pinioni (gia ndogo iliyo kwenye mota) na pini za ekseli, weka tone la gundi ya bluu. Pale skrubu inapoingia kwenye plastiki usiweke gundi hiyo kabisa, kwa sababu hufanya baadhi ya plastiki kupasuka. Kwenye plastiki kuna mbinu nyingine: zungusha skrubu kinyume taratibu mpaka uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo uikaze. Ukiilazimisha kutengeneza njia mpya kila mara, tundu litalegea na hakuna kitakachoshika tena.

Fungua difu zote mbili. Angalia kama gia zina grisi ya kutosha na kama ndani ya kikombe kuna mafuta ya silikoni. Mafuta haya huuzwa kwa namba ya uzito: namba ikiwa kubwa, mafuta ni mazito na difu inagoma zaidi kuachia tairi moja izunguke peke yake. Anza na 10,000 mbele na 5,000 nyuma. Mbele pakiwa pazito gari hujivuta vizuri kwenye changarawe, na nyuma pakiwa pepesi linakata kona bila kusukuma pua nje. Kabla ya kufunga, shika gia kubwa na ndogo ya difu utikise. Zikiwa na nafasi ya kucheza, ongeza washa nyembamba upande unaosogeza gia zikutane. Kazi hii ya nusu saa inazidi thamani ya mapambo yote utakayofunga juu ya gari.

Hatua ya 3: Zuia changarawe, vumbi na nyuzi

Hapa ndipo Mwanza inapotaka kazi yake ya pekee, na hapa ningekuomba utumie muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote.

Mchanga wetu ni graniti iliyooza. Ndani yake kuna chembe za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha gia nyingi. Chembe moja ikiingia kati ya pinioni na gia kubwa inatosha kumega meno. Toa kifuniko cha gia, kishike kuelekea kwenye mwanga, tafuta kila tundu. Matundu ya nyaya yazibe kwa silikoni ya madirisha, yale makubwa yafunike kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa kwa kipimo. Acha tundu moja dogo chini kabisa la kutoa maji.

Mota ya brashi, ile yenye vipande vya kaboni vya kupitishia umeme ndani, ina madirisha pembeni, na sumaku zake huvuta chembe za chuma zilizomo mchangani. Ivalishe soksi nyembamba ya nailoni ya kike, tabaka moja tu, ibane kwa zip tai. Tabaka mbili zinazuia hewa na mota itachemka. Mota isiyo na brashi iliyofungwa pande zote haihitaji vazi hilo, iachie hewa. Soksi hiyohiyo inafaa kwa shokapu: kata kipande, kipitishe juu ya springi, funga juu na chini, na hakikisha shokapu linaweza kunyooka na kujikunja hadi mwisho bila soksi kuvutika. Vumbi likishika kwenye fimbo ya shokapu hufanya kazi ya msasa, na baada ya hapo mafuta yanavuja bila kukoma.

Nafasi iliyo kati ya mikono ya saspensheni na chasisi ni mdomo wa kumeza kokoto. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, vitoboe, vifunge kwa skrubu zilezile zilizopo ili vining'inie kama vikinga matope. Ni bei ya karibu bure na vinadumu.

Chini ya chasisi funga sahani ya kuteleza. Plastiki ya dumu la lita 20 la mafuta ya kula inafaa sana, kwa sababu ni laini, haipasuki kirahisi, na huteleza juu ya jiwe badala ya kung'ang'ania. Lioshe kwa sabuni, kata upande ulio bapa, chora umbo la chasisi, kisha chovya kingo zake kwenye maji yanayochemka na uzikunje kufuata pua ya gari. Tumia skrubu zenye kichwa bapa na uzizamishe ndani ya plastiki. Kichwa kinachochomoza kitanasa kwenye ufa wa jiwe na kung'oa kila kitu. Ukitaka sahani ya alumini yenye kona safi, mafundi wa vyuma wa Makoroboi watakukatia kwa kiolezo cha karatasi, ila kwa mawe bado ninapenda dumu.

Sasa nyuzi. Kwenye mialo ya wavuvi mchanga umejaa vipande vya nailoni, vingine vyembamba kuliko unywele. Uzi ukijizungusha kwenye ekseli unajivuta kuelekea kwenye beringi, unapata joto la msuguano, unayeyuka na kukata silli ya mpira. Beringi ikishapoteza silli, mchanga unaingia na inakufa siku hiyohiyo. Kinga yake ni kisahani cha plastiki ya dumu chenye kipenyo kikubwa kidogo kuliko beringi, kinachokaa nyuma ya heksi ya tairi (kitovu cha pembe sita kinachoishika rimu). Hakizuii kila uzi, lakini kinafanya uzi ujizungushe pale unapouona. Beba sindano yenye ncha iliyopinda na wembe mdogo, na kila ukipumzisha gari zungusha tairi moja moja kwa mkono. Tairi ikiwa nzito kuliko wenzake, uzi upo.

Hatua ya 4: Shokapu na kimo

Monsta traki hupinduka kwa sababu ni refu na uzito wake uko juu. Dawa ya kwanza ni mafuta na springi sahihi.

Mafuta ya shokapu ni silikoni pia, mepesi kuliko ya difu. Anza na 400 kwenye kipimo cha cSt, sawa na kati ya 30 na 35 kwa kipimo cha wt. Usitumie mafuta ya fimbo za bodaboda, mafuta ya breki wala mafuta ya injini. Pete za mpira ndani ya shokapu hizi mara nyingi ni za silikoni, na mafuta yatokanayo na petroli huzivimbisha mpaka fimbo inakwama.

Toa shokapu, mwaga mafuta ya zamani, safisha kwa karatasi. Vuta fimbo yote nje, jaza mafuta karibu na ukingo, kisha pandisha na kushusha fimbo polepole huku mapovu yakipanda. Isimamishe wima dakika 10 ili hewa itoke yote. Ongeza mafuta, weka kifuniko, na kabla ya kukikaza hadi mwisho isukume fimbo ndani kidogo ili mafuta ya ziada yamwagike. Shokapu mbili za mbele lazima zifanane kwa urefu na kwa uzito wa kubonyea, na za nyuma vilevile. Zishike mbili kwa pamoja, zibonyeze ncha kwa ncha. Moja ikizama kabla ya nyingine, kuna hewa mahali.

Rudisha gari chini likiwa na betri na bodi yake. Libonyeze mpaka chini, liachie. Ekseli za kutoka difu hadi tairini zinapaswa kukaa sawa na ardhi au kuinama kidogo tu kwenda nje. Kaza au legeza pete ya springi kupata kimo hicho. Pete hiyo inabadilisha kimo peke yake. Springi inabaki na ugumu wake uleule. Ukitaka ugumu zaidi badilisha springi yenyewe.

Halafu lidondoshe kutoka sentimita 30 likiwa limelala sawa. Tumbo likigusa ardhi kwa upole na gari likatulia papo hapo, umepatia. Likigonga kwa kishindo, ongeza uzito wa mafuta. Likiruka tena baada ya kutua, mafuta ni mepesi mno kwa springi ulizonazo.

Jaribio la kupinduka nalifanya kwa ubao. Weka gari ubavu kwa ubavu juu ya ubao mpana, inua upande mmoja polepole, na simu yenye programu ya kupima mwinamo iwe imelala juu ya ubao huo. Andika nyuzi ambazo tairi za juu zinaanza kunyanyuka. Kisha shusha betri chini kadiri chasisi inavyoruhusu, ondoa taa na mapambo ya juu, pima tena. Heksi za kupanua upana wa tairi nazo husaidia, lakini zinaongeza mzigo kwenye beringi za nje, kwa hiyo zitumie baada ya mengine kushindwa, na zisiwe pana kupita kiasi.

Hatua ya 5: Tairi

Kwa graniti kavu unahitaji mpira laini wenye meno mafupi yaliyosongamana. Jiwe lina ukakasi wa kutosha, na tairi inachotakiwa kufanya ni kujilaza juu yake. Kwa changarawe na udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, meno marefu yaliyoachana yanajisafisha yenyewe. Ukitaka seti moja ya kila kitu, chagua ya kati.

Tairi zilizotoka kiwandani mara nyingi zimegundishwa nusunusu. Vuta ukingo wa mpira kutoka kwenye rimu kuzunguka pande zote. Panapoachia, futa kwa spiriti, weka supaglu kidogo, bana kwa mipira ya kufungia noti mpaka ikauke. Kwenye mwendo mkali tairi huvimba na kuwa nyembamba kwa ile nguvu ya kuzunguka, gari likayumba kama limelewa. Suluhisho ni kubandika utepe wa nyuzi za fiba ndani ya tairi, kuzunguka duara lote, kabla ya kurudisha sponji na kugundisha. Kagua pia matundu ya hewa. Yaliyoko kwenye rimu huingiza maji na mchanga. Mimi huyaziba na kutoboa mawili madogo katikati ya mpira, yanayotema maji tairi inapozunguka.

Hatua ya 6: Bodi

Bodi nyingi ni za polikaboneti inayoonyesha ndani kama kioo na hupakwa rangi kwa ndani. Tumia rangi maalumu ya polikaboneti. Rangi ya kawaida ya kopo hubanduka bodi ikipinda, na nyingine huipasua. Ioshe kwanza kwa sabuni ya maji, anza na rangi iliyokoza, malizia na nyepesi, na tabaka ziwe nyembamba. Baada ya rangi kukauka, imarisha kona na paa kwa utepe wa wavu wa fiba na gundi inayonyumbulika. Gundi ya fundi viatu ijaribu kwanza kwenye kipande ulichokata, maana baadhi yake zinaila plastiki hii.

Toboa upande wa nyuma hewa ipate kutoka. Bodi isiyo na njia ya hewa hugeuka mwavuli gari likiruka, na pia inafungia joto la mota ndani.

Hatua ya 7: Gia, mota na betri

Sasa ndiyo zamu ya nguvu, na ni hesabu kabla ya kuwa pesa.

Mota isiyo na brashi huandikwa kV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti ikiwa haina mzigo. Chukua mota ya 3,000 kV. Betri ya 2S ina volti 7.4, hivyo mizunguko 22,200. Betri ya 3S ina volti 11.1, hivyo 33,300. Tuseme mota inazunguka mara 15 ili tairi izunguke mara moja, na tairi ina kipenyo cha milimita 130, ambayo ni mzingo wa mita 0.408. Kwa 2S unapata karibu kilomita 36 kwa saa, kwa 3S karibu 54. Hizo ni namba za makaratasi. Mzigo na msuguano utapunguza.

Ukifunga tairi za milimita 145 badala ya 130, umepandisha gia kwa zaidi ya asilimia 11 bila kugusa gia yenyewe. Mota itabeba mzigo huo kwa joto. Kwa hiyo kama pinioni ilikuwa na meno 15, shusha hadi 13. Sheria ninayoifuata ni hii: kila tairi kubwa ije na pinioni ndogo, na kila pinioni mpya ije na kipimo cha joto cha dakika 5.

Kuweka nafasi kati ya pinioni na gia kubwa, pitisha kipande cha karatasi ya daftari katikati ya meno, sukuma mota igusane nacho, kaza, kisha zungusha karatasi itoke. Itoke imekunjika kama ngazi bila kuchanika. Kagua hivyo kwa kuzungusha gia kubwa duara zima, kwa sababu mara nyingi haiko duara kamili.

Kabla ya kutumia 3S hakikisha spidi kontrola na mota vimeandikwa kuwa vinaihimili, na washa kinga ya volti ndogo kwenye hali ya LiPo (aina ya betri ya lithiamu, ndiyo hizi za 2S na 3S). Seli ya LiPo ikijaa ina volti 4.2, isishuke chini ya 3.2 hivi ikiwa kazini, ikishuka sana haiponi. Ichaji kwa kiwango kisichozidi ujazo wake: betri ya mAh 5,000 kwa ampea 5, kwenye hali ya kusawazisha seli. Ichajie juu ya sakafu ya saruji au tofali, mbali na mapazia na magodoro, nawe ukiwepo macho. Umeme ukikatika na kurudi, usiiache chaja iendelee yenyewe. Ichomoe, hakikisha aina ya betri na idadi ya seli, kisha anza upya. Chaja nyingi zina tundu la kuingiza volti 12, kwa hiyo betri ya gari au ya sola inaweza kukuokoa siku ya mgao.

Hatua ya 8: Majaribio

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha springi, tairi na pinioni kwa siku moja halafu gari likawa bovu, hutajua umlaumu nani.

Anza mahali papana na tambarare, uwanja wa wazi usio na mechi, kwa idhini ya wanaousimamia. Watoto watakusanyika, na ni haki yao kufurahi. Wapange upande mmoja, nyuma yako, na umpe mmoja wa wakubwa kazi ya kuwazuia. Gari la kilo 3 likienda kilomita 50 kwa saa linaweza kuvunja mguu wa mtoto. Rimoti nyingi zina swichi ya kupunguza nguvu hadi asilimia 50. Iweke hapo kabla ya kumpa mtu mwingine ajaribu.

Rudia vipimo vyote vya hatua ya 1. Kisha kagua klachi ya kuteleza, kama gari lako linayo: ondoka ghafla kwenye ardhi inayoshika, na klachi isikike ikiteleza kwa sentimita 30 hadi 60 za mwanzo. Isiposikika kabisa, ilegeze robo mzunguko. Hiyo ndiyo inayopokea mshtuko kwa niaba ya meno ya difu.

Kwenye mawe nenda taratibu. Anza na mawe ya kimo cha nusu ya tairi, uyapande kwa pembe, tairi moja kwa wakati. Kaa upande wa chini wa jiwe, na usijaribu majabali yanayoning'inia juu ya nyumba za watu. Gari likidondoka kutoka huko linaangukia bati au kichwa. Baada ya kila jiwe geuza gari uangalie sahani ya chini. Mikwaruzo ikiwa mahali pamoja, kimo bado ni kidogo upande huo.

Kuruka kunataka ubao na matofali, mwinamo wa nyuzi 15 hadi 20, mwendo mdogo kwanza. Hewani, ukibonyeza triga pua inapanda. Ukigusa breki pua inashuka. Ni mzunguko wa tairi unaosukuma chasisi upande wa pili. Jifunze kutua kwa tairi zote nne, na jambo la kushika kuliko yote: achia triga kabla ya kugusa ardhi. Tairi zinazozunguka kwa nguvu zikikutana na ardhi ghafla, ekseli ndizo zinazokatika. Fanya majaribio haya asubuhi. Upepo wa mchana kutoka ziwani hushika bodi na kulilaza gari ubavu.

Ufukweni, epuka kabisa sehemu dagaa wanapoanikwa na nyavu zinaposhonwa. Ni kazi ya watu. Maji yabaki ya madimbwi, yasiyopita kitovu cha tairi, hata kama boksi limeandika kwamba vifaa havipitishi maji. Gari likiingia ziwani usilifuate kwa miguu mitupu, maana kichocho kipo kwenye maji ya kando, hasa penye magugu. Beba mti mrefu wenye ndoano, au funga boya dogo la nyavu ndani ya bodi ili lisizame.

Baada ya kuendesha

Lipige brashi likiwa kavu kabla ya kufikiria maji. Maji yanapeleka mchanga ndani zaidi. Tumia pampu ya baiskeli kupuliza kwenye gia na mota. Toa tairi, toa nyuzi, zungusha kila beringi kwa kidole. Inayokwaruza itoe, ioshe, itie tone la mafuta mepesi, na ikiendelea kukwaruza itupe. Saizi ya 5×11×4 hujulikana kwa namba MR115, na ukiwa na namba hiyo ni rahisi zaidi kuitafuta kwa wauza beringi au kuiagiza.

Ikiwa limeingia maji, beringi na mota visilale vimelowa. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini kutu haingoji chumvi.

Betri iache ipoe kwanza. Kama hutaitumia kesho, iweke kwenye volti 3.8 kwa kila seli kwa kutumia hali ya kuhifadhi ya chaja, na uitunze kivulini, kamwe si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikivimba, hata kidogo, haichajiwi tena. Itoe nje ya nyumba, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, imalize umeme wake taratibu kwa balbu ndogo ya gari, na uikabidhi kwa mafundi wanaokusanya betri chakavu. Isitupwe ziwani wala kwenye moto wa takataka.